Ng'ombe wa Maziwa na Madini ya Nchi Yetu

Watoto wa Kolwezi wanajua mawe. Hata mtoto mdogo akiokota jiwe la kijani kando ya njia, hulitambua mara moja. Husema: hili lina shaba, ambayo wazee wa Katanga huiita mukuba. Akiona jiwe jeusi, husema: pengine hili lina kobalti. Malori hupita mchana na usiku yakibeba mawe ya namna hiyo. Nchi za mbali huyanunua ili kutengeneza nyaya za umeme, na betri za simu na za magari. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka katika nchi yetu ya Kongo.

Lakini je, mnajua ya kuwa ng'ombe naye hutafuta shaba na kobalti? Hachimbi, wala hauzi. Yeye huzitafuta katika majani. Asipozipata, hukonda, maziwa yake hupungua, na mwisho aweza kufa hali amesimama katikati ya majani mengi. Tena akizipata kupita kiasi, zamdhuru vilevile. Somo hili litaeleza jinsi mambo hayo yanavyotokea, na namna ya kumtunza ng'ombe wa maziwa katika nchi yenye machimbo mengi kama hii yetu.

1. Ng'ombe hula nini?

Mtu akiulizwa, "Ng'ombe hula nini?" hujibu, "Majani na maji." Jibu hilo si baya, ila halijatimia. Ndani ya majani mna vitu vingi. Vingine humpa ng'ombe nguvu ya kutembea na joto la mwili. Vingine hujenga nyama yake. Mna chokaa na fosforasi, ambazo hujenga mifupa na kuingia katika maziwa. Vitu hivyo vyote ng'ombe huvihitaji kwa wingi kila siku.

Kisha kuna madini ambayo huyahitaji kidogo mno. Nayo ni haya: chuma, shaba, zinki, manganizi, kobalti, iodini na seleniamu. Katika somo hili tutayaita madini madogo. Hatuyaiti hivyo kwa sababu kazi yake ni ndogo, bali kwa sababu kipimo chake ni kidogo.

Kidogo kiasi gani? Tufanye hesabu. Tuseme ng'ombe mmoja wa maziwa anakula kilo 10 za chakula kwa siku, nasi tunakipima chakula hicho baada ya kukikausha kabisa. Katika kila kilo moja yafaa pawe na miligramu 10 hivi za shaba. Ninyi mmekwisha jifunza ya kuwa miligramu 1,000 ni gramu moja. Basi kwa siku moja ng'ombe huyo ahitaji miligramu 100 za shaba, na kwa siku kumi gramu moja tu.

Kobalti ni kidogo zaidi. Miligramu 1 au 2 kwa siku zamtosha. Zidisha 2 mara siku 365, utapata miligramu 730. Haifiki hata gramu moja kwa mwaka mzima! Tani moja ya kobalti tupu ingewatosha ng'ombe milioni moja kwa mwaka, na ingebaki.

2. Kazi ya kila madini

Chuma hufanya damu iwe nyekundu. Damu huchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini mwote, na bila chuma haiwezi kuibeba. Udongo wetu wa Katanga ni mwekundu kwa sababu una chuma kingi, kwa hiyo ng'ombe mkubwa anayekula majani ni nadra kukosa chuma. Ndama anayenyonya tu aweza kukosa, kwa maana maziwa yana chuma kidogo sana.

Shaba husaidia kutengeneza damu, na kuipa ngozi na manyoya rangi yake. Ng'ombe mweusi akikosa shaba, manyoya yake hupauka na kuwa kama yenye kutu, hasa kuzunguka macho. Ndama wake huzaliwa dhaifu, na mifupa yao huvunjika upesi.

Zinki hulinda ngozi na kwato. Ng'ombe mwenye upungufu wa zinki hupata magamba ngozini, kwato zake hulainika, na vidonda vyake havifungi upesi.

Manganizi husaidia mifupa na uzazi. Ng'ombe asiyepata manganizi ya kutosha huchelewa kushika mimba, na ndama wake aweza kuzaliwa na miguu iliyopindika.

Iodini hukaa katika tezi ndogo iliyo shingoni. Tezi hiyo ikikosa iodini hufura, na uvimbe huo huitwa rovu. Watu nao hupata rovu. Mfano wake ulionekana katika kisiwa cha Idjwi, kilicho ndani ya Ziwa Kivu, upande wa mashariki wa nchi yetu. Huko wataalamu waliwakuta watu wengi wenye rovu, kwa kuwa udongo na chakula chao vilikuwa na iodini kidogo, na mihogo isiyolowekwa vema ilizidisha shida hiyo. Ng'ombe mwenye mimba akikosa iodini, ndama wake aweza kuzaliwa amekufa, au hana manyoya, au ana shingo iliyovimba.

Seleniamu hulinda nyama ya mwili na ya moyo. Ndama aliyeikosa hushindwa kusimama, kwa sababu misuli yake imedhoofika. Mama yake huchelewa kutoa kondo la nyuma baada ya kuzaa.

Na kobalti je? Kazi yake ni ya ajabu kuliko zote, na watu walikawia sana kuigundua. Tusome sasa habari yake.

3. Ugonjwa wa Nakuru

Nakuru ni mji wa Kenya, katika Bonde la Ufa. Karibu yake kuna milima iliyowahi kutoa moto, na udongo wa huko umetokana na majivu ya milima hiyo. Majani huota vizuri, nayo hupendeza macho. Walowezi walipoleta ng'ombe wao mahali hapo mwanzoni mwa karne ya 20, walidhani wamepata malisho yasiyo na kasoro.

Lakini baada ya miezi kadhaa ng'ombe wengine walianza kukonda. Walikataa kula, ingawa majani yalikuwa mengi. Macho yao yalilowa machozi, manyoya yalisimama, damu ikapungua. Ndama ndio walioteseka zaidi. Wenye ng'ombe walitafuta kupe, wakatafuta minyoo, wala hawakuona sababu ya kutosha. Ila waliona jambo moja: ng'ombe mgonjwa akihamishiwa malisho mengine, hupona. Akirudishwa, huugua tena. Basi kosa halikuwa katika ng'ombe, lilikuwa katika mahali. Ugonjwa huo ulitangazwa vitabuni kwa jina la mji wenyewe, yaani ugonjwa wa Nakuru.

Wakati huohuo, mbali sana na Kenya, wakulima wa New Zealand walikuwa na shida iliyofanana nayo. Nchi yao nayo ina milima ya moto. Mtaalamu mmoja alidhani ya kuwa mifugo inakosa chuma. Wakaipa unga wa mawe yenye chuma, na mingine ikapona kweli. Watu wakasema, "Tumepata dawa. Ni chuma."

Lakini huko Australia wataalamu wawili, Underwood na Filmer, waliona ajabu moja. Mawe ya chuma ya mahali fulani yaliponya, na mawe ya chuma ya mahali pengine hayakuponya. Kama dawa ni chuma, kwa nini mawe haya yafanye kazi na yale yasifanye? Wakayachukua mawe yaliyoponya, wakatoa chuma chote kilichokuwamo, kisha wakawapa mifugo mabaki yasiyo na chuma. Wakapona! Basi dawa haikuwa chuma. Walichunguza tena na tena mpaka mwaka 1935, wakaikuta ni kobalti kidogo iliyokuwa imejificha ndani ya mawe yale. Mwaka huohuo wataalamu wengine wawili wa Australia, Marston na Lines, walipata jibu lilelile kwa kondoo.

Ndivyo ilivyojulikana kwamba kobalti ndiyo iliyokosekana pia katika majani ya Nakuru. Fikirini jambo hili: ng'ombe wa Kenya walikufa kwa kukosa kitu kile ambacho udongo wa Kolwezi umejaa.

4. Tumbo la ng'ombe ni kama kiwanda

Kwa nini ng'ombe ahitaji kobalti? Ili kuelewa, tuingie tumboni mwake.

Mnajua ya kuwa ng'ombe hucheua. Hula majani haraka, huyahifadhi katika tumbo kubwa la kwanza, kisha huyarudisha kinywani na kuyatafuna pole pole. Ndani ya tumbo hilo mna vijidudu vingi kupita hesabu, visivyoonekana kwa macho. Havimletei ng'ombe ugonjwa. Hivyo ndivyo vinavyovunja majani magumu, ambayo ng'ombe mwenyewe asingeweza kuyayeyusha.

Vijidudu hivyo vina kazi ya pili. Huchukua kobalti iliyomo katika majani, hutengeneza vitamini iitwayo B12. Bila vitamini hiyo, ng'ombe hawezi kugeuza chakula chake kuwa nguvu. Damu yake hupungua, na hamu ya kula humtoka. Ndiyo maana ng'ombe wa Nakuru walikataa majani yaliyokuwa mbele ya pua zao.

Vitamini B12 ilipatikana ikiwa safi kwa mara ya kwanza mwaka 1948. Ilionekana kama chembe ndogo nyekundu, na katikati ya kila chembe mna kobalti. Bibi mmoja Mwingereza, Dorothy Hodgkin, aligundua jinsi vitamini hiyo ilivyojengwa, naye alipata tuzo ya Nobel mwaka 1964. Sisi wanadamu nasi twahitaji vitamini B12, lakini tumbo letu haliwezi kujitengenezea ya kutosha kutokana na kobalti. Sisi huipata katika maziwa, nyama, samaki na mayai. Basi mtoto anayekunywa maziwa anapokea kazi iliyofanywa na vijidudu vya ng'ombe.

5. Udongo hutoa ulicho nacho

Majani hayawezi kumpa ng'ombe kitu ambacho udongo haukuyapa. Udongo ukiwa maskini, majani huwa maskini, hata yakiwa marefu na ya kijani.

Tazameni mkoa wetu wa Lualaba. Kaskazini-mashariki ya Kolwezi kuna tambarare ya Biano, iliyo juu zaidi ya mita 1,500. Kuna baridi, na mbung'o ni wachache, kwa hiyo mahali hapo pamefugwa ng'ombe tangu zamani za Wabelgiji. Lakini udongo wake una mchanga mwingi, na mvua ya miaka elfu nyingi imeuosha. Katika udongo wa namna hii fosforasi ni haba, na madini madogo nayo yaweza kuwa haba. Ng'ombe wa huko huhitaji kuongezewa chumvi yenye madini.

Sasa tazameni vilima vya shaba, kama vile vya Kolwezi na Fungurume. Juu yake miti mikubwa haioti. Msitu huishia chini, na juu kuna nyasi na maua tu. Sababu ni hii: shaba iliyomo ni nyingi mno, hata mizizi ya miti haiivumilii. Ni mimea michache tu iliyozoea kuishi hapo. Mmoja ni mmea mdogo ambao wataalamu huuita Haumaniastrum katangense, na wengine huuita ua la shaba. Wachunguzi wa mambo ya kale waliutumia mmea huo kama alama. Walipouona umeota mahali pa tambarare, walichimba, wakakuta mabaki ya tanuru ambamo babu zetu waliyeyusha shaba na kutengeneza misalaba ya biashara.

Basi katika mkoa mmoja tuna mambo mawili yanayopingana. Huku udongo una madini machache mno, na kule una madini mengi mno. Mfugaji hana budi kujua amesimama wapi.

6. Kidogo ni dawa, kingi ni sumu

Mtu aweza kusema, "Kama ng'ombe ahitaji shaba na kobalti, nami ninaishi Kolwezi, basi nitasaga jiwe la kijani nichanganye na chumvi yake. Sitahitaji kununua kitu." Huyo atamwua ng'ombe wake.

Tumesema kilo moja ya chakula kikavu yafaa iwe na miligramu 10 za shaba. Ikizidi miligramu 40, na ng'ombe akaila hivyo siku nyingi, hatari imekaribia. Shaba inayozidi haitoki yote mwilini. Hujikusanya katika ini, pole pole, kwa majuma na miezi. Wakati huo mnyama huonekana mzima, anakula na kutoa maziwa. Kisha siku moja ini hushindwa kuizuia. Shaba hufurika katika damu, na chembe nyekundu za damu hupasuka. Macho huwa ya manjano, mkojo huwa mwekundu mweusi, na mnyama hufa kwa siku chache. Kondoo ni dhaifu zaidi kuliko ng'ombe kwa jambo hili. Miligramu 15 katika kilo moja zaweza kumwua.

Kobalti ikizidi mno, ng'ombe hupoteza hamu ya kula na kukonda. Angalieni: hizo ni dalili zilezile za kuikosa! Kwa hiyo mtu hawezi kujua kwa kutazama tu. Tena mawe ya machimbo hayana shaba na kobalti peke yake. Mara nyingi yana risasi, kadimi na hata urani, ambazo hazina faida yoyote mwilini, wala kwa ng'ombe wala kwa mtu.

Zaidi ya hayo, madini yenyewe hugombana. Kikizidi kimoja, humzuilia ng'ombe kingine. Chuma kingi cha udongo mwekundu huzuia shaba isiingie mwilini. Huko Somerset, katika Uingereza, ng'ombe waliharisha na manyoya yao yakapauka, ingawa udongo wao ulikuwa na shaba. Wataalamu waligundua katika miaka ya 1930 ya kuwa majani yalikuwa na madini mengine, molibdenamu, mengi mno, nayo yaliifunga shaba tumboni. Walipowapa shaba kidogo zaidi, walipona. Mnaona basi kwamba kipimo si jambo la kubahatisha.

7. Vumbi

Madini ya machimbo humfikiaje ng'ombe? Je, hupitia mizizi ya majani? Mara nyingine ndiyo. Lakini mimea mingi huizuia shaba katika mizizi yake na hupeleka kidogo tu kwenye majani. Njia kubwa zaidi ni nyingine, nayo ni vumbi.

Mwaka 1977 wataalamu walitangaza ya kuwa mmea mmoja wa vilima vyetu, ndugu yake ua la shaba, ulikuwa na zaidi ya gramu 10 za kobalti katika kilo moja ya majani makavu. Watu walishangaa sana. Miaka 30 baadaye, wataalamu wengine walichunguza mimea ya vilima hivyo kwa uangalifu zaidi. Wakaona ya kuwa sehemu ya madini yaliyopimwa zamani katika mimea ya namna hiyo haikuwa ndani ya majani. Ilikuwa vumbi lililoshikamana nayo kwa nje. Majani yalipooshwa vema, kipimo kilipungua.

Mtaalamu huosha majani yake. Ng'ombe haoshi. Hula jani pamoja na vumbi lake. Wakati wa kiangazi, toka mwezi wa Mei mpaka Septemba, mvua hainyeshi, na vumbi la barabara za machimbo hufunika nyasi zote za kando. Tena nyasi huwa fupi, na ng'ombe akizing'oa humeza udongo pamoja na mizizi. Mvua inapoanza, maji hushuka kutoka mahali pa kuoshea mawe, huingia mitoni, na tope lake hubaki ukingoni, mahali palepale penye majani mabichi.

Vumbi hilo halichagui. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mikojo ya watu wa Katanga. Watu waliokaa karibu na machimbo na viwanda vya madini walikuwa na kobalti nyingi kuliko waliokaa mbali, na watoto walikuwa nayo kuliko watu wazima. Ikiwa ni hivyo kwa mtoto anayekula mezani, itakuwaje kwa ng'ombe anayekula chini?

8. Yatupasayo kufanya

Ng'ombe wa maziwa ni mali. Akifa, familia hupoteza maziwa ya watoto, ndama wa mwaka ujao, na samadi ya shamba. Tena kumlinda si kazi ngumu. Fuateni mashauri haya.

Kwanza, mpe ng'ombe chumvi ya kulamba iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe, yenye madini ndani yake. Kipimo chake kimekwisha wekwa na wanaojua. Iweke chini ya paa, isiyeyushwe na mvua. Wafugaji wa zamani walijua jambo hili kabla ya vitabu. Wamasai na makabila mengine huwapeleka ng'ombe wao mahali penye udongo wa chumvi ili walambe.

Pili, usimpe kamwe jiwe wala unga wa machimbo, hata kama mtu amekuambia ni dawa.

Tatu, usiwape kondoo chumvi ya ng'ombe. Shaba inayomfaa ng'ombe yaweza kumwua kondoo.

Nne, kata majani mbali na barabara ya malori na mbali na machimbo. Usikate ukingoni mwa mto unaopokea maji ya kuoshea mawe. Kama huna mahali pengine, yakung'ute majani, uyaoshe kwa maji safi kabla ya kumpa ng'ombe.

Tano, usikate mpaka chini kabisa. Acha urefu wa kiganja cha mkono juu ya ardhi. Hivyo majani hayatachukua udongo, tena yatachipuka upesi.

Sita, changanya nyasi na mimea ya jamii ya kunde, kama vile stilo au desmodi. Mimea hiyo kwa kawaida ina chokaa na madini madogo mengi kuliko nyasi peke yake. Panda kidogo karibu na zizi, utaona faida yake kiangazi.

Saba, mpe maji safi ya kisima au ya bomba. Maji mazuri ni nusu ya maziwa.

Nane, ng'ombe akikonda, usiseme upesi, "Ni madini." Kwanza angalia kama anashiba. Kisha angalia minyoo, kupe na ugonjwa wa mbung'o. Mwite mganga wa mifugo. Yeye aweza kupima damu au kipande cha ini cha mnyama aliyekufa, na kusema ni kitu gani kimepungua au kimezidi.

Watu wengi wa dunia hupima utajiri wa Kolwezi kwa tani. Ng'ombe wetu hupima kwa miligramu. Mtoto anayekata majani ya jioni ndiye anayeshika mizani hiyo mkononi mwake. Akichagua mahali safi pa kukatia, ng'ombe atakula, vijidudu vya tumboni vitafanya kazi yao, na asubuhi ndoo itajaa maziwa mema.

MASWALI

1. Taja madini madogo saba ambayo ng'ombe huyahitaji. Kwa nini yanaitwa madogo?
2. Ng'ombe mmoja huhitaji miligramu 100 za shaba kwa siku. Atahitaji gramu ngapi kwa siku 30?
3. Wenye ng'ombe wa Nakuru waliona jambo gani lililoonyesha ya kuwa kosa lilikuwa katika mahali?
4. Underwood na Filmer walifanya nini ili kujua kama dawa ilikuwa chuma au sivyo?
5. Vijidudu vya tumbo la kwanza hufanya nini na kobalti?
6. Kwa nini miti mikubwa haioti juu ya vilima vya shaba?
7. Mtu amesaga jiwe la kijani na kulichanganya na chumvi ya ng'ombe. Mweleze hatari yake.
8. Tazama mahali majani ya mifugo yanapokatwa karibu na kwenu. Je, ni mahali pazuri? Toa sababu zako.